Bati la darasa, jua la Tanga na masharti ya mpaka

SWALI: Ninasoma ufundi hapa Tanga, na ninatumia Elmer, programu ya kompyuta, kuiga joto linalopita kwenye paa la darasa moja huko Pongwe. Saa saba mchana nilipima bati nikapata nyuzi 54, na hewa ya darasani nyuzi 33. Kwenye programu nikaweka 54 upande wa juu na 33 upande wa chini. Shida yangu ni kwamba nikiongeza tabaka la kizuia joto chini ya bati, upande wa chini unabaki 33 vilevile. Mwalimu mkuu anataka kujua kama fedha ya kizuia joto itasaidia. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, programu yako haina kosa. Umeiambia upande wa chini ni 33, nayo imekutii. Hata ungeweka ukuta wa zege pale, ingekujibu 33. Jambo ulilotaka ikutafutie umelitia mwenyewe kama sharti la mpaka, yaani agizo unaloipa programu kuhusu kinachotokea kwenye uso wa kitu.

Angalia wingi wa joto linalopita, maana hapo ndipo kasoro inapojionyesha. Bati la milimita 0.4, chuma kinachopitisha joto kwa kiasi cha wati 50 kwa mita kwa kila nyuzi, tofauti ya nyuzi 21 kati ya juu na chini: fanya hesabu, utapata wati 2,625,000 kwa kila mita ya mraba. Jua kali la mchana kweupe huleta wati zipatazo 1,000 tu. Hizo milioni zimetoka wapi? Zimetoka kwenye sharti lako. Ukiufunga mpaka kwa halijoto maalumu, yaani sharti la Dirichlet, maana yake ni kwamba dunia ya nje ina uwezo wa kumwaga au kunyonya joto bila kikomo ili namba yako isitikisike. Bomba lililozama katika maji ya bandari linakaribia hali hiyo. Bati lililo hewani halikaribii hata kidogo.

Kosa la pili ni dogo ila ndilo mzizi: ile 33 ni ya hewa, wewe umeibandika kwenye chuma. Kati ya bati na hewa ya darasani kuna kizuizi chake, na hicho ndicho kinachoamua joto kiasi gani linashuka.

Sasa tuipange upya. Juu ya bati mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Jua linaleta joto: chukua wati 900, na bati lililochakaa linyonye asilimia 70, unapata wati 630 kwa mita ya mraba. Hilo ni sharti la Neumann, kiasi cha joto kinachoingia. Papo hapo upepo unaondoa joto kwa kadiri bati linavyoizidi hewa ya nje, tuseme wati 20 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, na hewa ya nje iwe nyuzi 31. Hilo ni sharti la Robin. Upande wa chini nao ni Robin: wati 8 kwa kila nyuzi, hewa ya darasani 33. Hakuna mahali ulipoitajia programu halijoto ya bati. Iache ikutajie yenyewe.

Bila kizuia joto, bati linatulia kwenye nyuzi 54. Hiyo ndiyo namba uliyoipima paani, nayo sasa inakuthibitishia kwamba mpangilio wako una mwelekeo. Joto linaloshuka darasani ni kama wati 169 kwa mita ya mraba. Sasa ongeza kizuia joto cha milimita 25 chenye upitishaji wa wati 0.04 kwa mita kwa kila nyuzi. Joto linaloshuka linaanguka hadi wati 37, na uso wa chini unaoelekea vichwa vya watoto unakuwa chini kidogo ya nyuzi 38 badala ya 54. Bati lenyewe linapanda hadi karibu 61, kwa kuwa njia yake ya chini imebanwa. Ukiwa umeifunga 54 juu, jambo hili usingeliona kamwe, na fundi wa rangi anahitaji kulijua.

Ikiwa programu yako inakubali sharti moja tu kwa kila uso, unganisha jua na upepo: gawanya 630 kwa 20, ongeza 31, upate hewa ya kubuni ya nyuzi 62.5. Weka hiyo pamoja na zile wati 20, jibu ni lilelile.

Kingo za pembeni hukuzitaja, nami nadhani uliziacha. Katika Elmer na programu nyingine za aina yake, uso usiowekewa chochote huhesabiwa kuwa haupitishi joto. OpenFOAM, programu nyingine ya kuiga, yenyewe hugoma kuanza mpaka kila uso upewe sharti, na mimi naupenda ukali huo. Kwako kimya hicho hakina madhara: ukichora wimbi moja tu la bati, kutoka mgongo hadi bonde, pande zake mbili kweli hazipitishiani joto kwa sababu wimbi la jirani linafanana nalo. Lakini andika sharti hilo kwa mkono wako, ili atakayefungua faili ajue ulikusudia.

Ukitaka kuiga usiku, upepo peke yake hautoshi. Unayajua matone yanayodondoka alfajiri kutoka chini ya bati. Bati hupoa kuliko hewa kwa sababu linanururisha joto kuelekea anga tupu, na sharti la hewa pekee haliwezi kulishusha chini ya halijoto ya hewa hiyo. Ongeza mnururisho, na hapo tumia Kelvini bila mjadala. Halijoto hupandishwa kwenye kipeo cha nne: uso mweusi wa Kelvini 300 hutoa wati 459 kwa mita ya mraba, ila ukiandika 27, yaani halijoto hiyohiyo kwa nyuzi za Selsiasi, ukidhani ni kitu kimoja, utapata wati 0.03.

Kwa siku mbaya kabisa ya jua, chagua mwanzoni mwa Machi au mwanzoni mwa Oktoba, ambapo jua la adhuhuri hupita karibu utosini mwa Tanga. Mimi ningechukua Machi, kaskazi inapofifia na upepo kulegea.

Hapo utaniuliza ile 20 ya upepo nimeitoa wapi. Ni makadirio, na ndiyo namba dhaifu kuliko zote humu, kwa hiyo usiiamini peke yake. Endesha tena kwa 10, siku ya shwari, kisha kwa 30, siku ya upepo. Mimi nimefanya: bila kizuia joto uso wa chini unakwenda kati ya nyuzi 48 na 67, na ukikiweka ni kati ya 36 na 42. Kila mara, kabla hujaandika namba yoyote, jumlisha joto linaloingia na linalotoka kwenye nyuso zote. Kwa mfano wetu wa kwanza, 630 zinaingia, 461 zinaondoka na upepo, 169 zinashuka. Zisipolingana, rudi kwenye mipaka kabla ya kugusa kitu kingine.

Mpelekee mwalimu mkuu hizo safu mbili, 48 hadi 67 na 36 hadi 42, si namba moja. Upepo uwe mkali au ulegee, kizuia joto kinashinda, na fedha yake ina kazi. Mwambie pia kwamba hesabu hii imeishikilia hewa ya darasani kwenye 33. Paa likiacha kushusha joto, hewa hiyo nayo itapungua kidogo, hivyo nafuu halisi huenda ikazidi hii.