Ukitaka kukusanya sarafu, anza na senti za 1966

Mtu akiniambia anataka kuanza kukusanya sarafu za zamani za Tanzania, mara nyingi anachokiwazia ni rupia za Mjerumani. Ameshasikia uvumi kwamba rupia moja inaweza kumjengea mtu nyumba. Ushauri wangu haubadiliki: ziache kwanza. Rupia zimezungukwa na matapeli, za kughushi zimo nyingi, na bei yake hupangwa na maneno ya vijiweni. Anza na senti. Hakuna anayehangaika kughushi senti tano, kwa hiyo utajifunza kuitazama sarafu kwa utulivu, bila hofu ya kulizwa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini fedha iliyokuwa mifukoni iliendelea kuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni kilichoanzishwa mwaka 1919. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, na mwaka huo ndio uliochongwa kwenye sarafu zetu za kwanza. Zilikuwa nne tu. Senti tano ni ya shaba nyeusi, ina pembe kumi na mbili, na nyuma yake kuna samaki sulisuli. Senti ishirini ni ya rangi ya manjano, ina mbuni. Senti hamsini, ile thumuni, ni nyeupe na ina sungura. Shilingi moja ina mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili wa zote nne yupo Mwalimu Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA, na hata thamani imeandikwa kwa Kiswahili: SENTI TANO, SENTI ISHIRINI. Kenya na Uganda nazo zilitoa sarafu zao mwaka huohuo, lakini thamani waliiandika kwa Kiingereza. Mimi hilo bado linanigusa kila ninapoishika senti tano. Nchi changa iliamua kwamba hata chenji ya chumvi na kiberiti iseme lugha ya mnunuzi.

Sasa, ugumu uko wapi, kama zilitengenezwa kwa mamilioni? Ugumu ni hali yake. Senti ndogo haikuwekwa akiba na mtu. Ilipita mkono kwa mkono hadi uso ukasawazika, na iliposhindwa kununua chochote ikawa kitu cha watoto kuchezea, au ikatobolewa na kuwa kidani. Senti tano ya 1966 iliyochakaa utaipata bila shida. Ile ambayo mistari ya pezi la sulisuli bado inahesabika ni habari nyingine, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Iinamishe kidogo chini ya mwanga wa dirishani, utazame sehemu zilizoinuka zaidi: nywele za juu ya sikio la Mwalimu, shavu, mwili wa samaki. Huko ndiko kunakoanza kulika. Kisha soma mwaka kabla hujatoa hela, kwa sababu muundo huohuo uliendelea kutumika hadi miaka ya 80, na wauzaji wengi huzichanganya zote kwenye kopo moja. Sumaku ndogo nayo inasaidia kwa thumuni na shilingi: za mwanzo hazinati, ila zile za chuma zilizopakwa nikeli zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 80 zinanata.

Halafu kuna suala la kusafisha, na hapa nasisitiza kuliko kote. Usisafishe. Usitumie ndimu, jivu, dawa ya meno wala brashi. Ule weusi wa shaba ni ngozi ya sarafu, na ukiikwangua haioti tena. Itang'aa kwa wiki chache, mng'ao wa uongo ambao mkusanyaji yeyote anautambua kwa jicho moja, na thamani yake imekwisha. Kama kuna udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na madini, kisha iweke juu ya kitambaa laini ikauke bila kuisugua. Ukiona unga wa kijani unaochomoza, itenge na nyingine haraka.

Wanaoishi pwani wawe waangalifu zaidi, maana hewa yenye chumvi ni adui wa shaba. Epuka vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali, kwani baada ya muda huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Bahasha ndogo za karatasi zisizo na tindikali zinatosha, ndani ya boksi lenye vifuko vya kukaushia unyevu.

Nyingi za kwangu nzuri zimetoka kwa wazee, si madukani. Ukifika, toa shikamoo, kaa, zungumza. Usianze na neno "thamani", maana ukilitaja tu, mzee atakumbuka habari za rupia na mazungumzo yataharibika. Muulize senti tano ilinunua nini alipokuwa kijana. Akikuonyesha kopo lake, lipa bei ya haki hata kama angekupa bure, na uandike kwenye bahasha imetoka wilaya gani na mwaka gani uliipata.

Ukishapata zile nne katika hali nzuri, rudi nyuma kidogo. Tafuta senti tano na senti kumi za mwaka 1964, zenye tundu katikati na pembe za ndovu. Zile za miaka michache kabla yake zimeandikwa jina la Malkia Elizabeth; hizi hazina jina la mfalme wala malkia, limebaki EAST AFRICA peke yake. Ni sarafu za kipindi cha katikati, wakati mkoloni ameshaondoka na benki zetu bado hazijazaliwa, na watu wengi huzipita bila kuzigeuza wausome mwaka. Baadaye utaongeza senti kumi ya Tanzania iliyoanza mwaka 1977, yenye punda milia na ukingo wa mawimbi. Za Kenya na Uganda zifuate baada ya hapo, ukianza na ile senti ishirini na tano ya Kenya, kwa sababu sisi na Uganda tulikuwa na ishirini.