Typhoid isiyoisha na tumbo kujaa gesi: angalia utumbo mwembamba

Mkuu, umesema tumbo linajaa gesi kila ukila, choo ni laini muda wote, ukipima unaambiwa typhoid, unameza dozi, unapata nafuu kidogo halafu hali inarudi palepale. Ukauliza kama ile dawa ya unga ya kusafisha utumbo inasaidia. Mimi nimepita humohumo.

Hiyo nafuu ya muda mfupi ndiyo iliyomshtua daktari wangu. Typhoid haikai na mtu miezi nenda rudi bila homa, ikaleta gesi tu. Kipimo cha Widal, kile cha damu wanachotumia sana kupima typhoid, kinaweza kusema unaumwa kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au mwili umepambana na kimelea kingine kabisa. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kuona kama bakteria wa typhoid wapo kweli.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Gesi inaanza muda gani baada ya kula?" Nikamwambia sijanawa hata mikono, mkanda umeshanibana. Ndipo akaniambia nipandishe shati, akaliona kovu la upasuaji wa utumbo uliojisokota nikiwa kijana. Vipimo vya typhoid nilivyokwenda navyo akavisogeza pembeni.

Utumbo mwembamba, karibu mita 6 kwa mtu mzima, unatakiwa uwe na bakteria wachache. Makazi yao makubwa ni utumbo mpana. Kinachowazuia wasijazane huku juu ni asidi ya tumboni, nyongo, na mwendo wa utumbo wenyewe. Ukikaa bila kula, kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi utumbo hujikunja kwa wimbi kutoka juu kwenda chini, unafagia mabaki. Ukitafunatafuna kutwa, wimbi hilo halipiti. Kwangu daktari alisema makovu ya ndani yameshikanisha utumbo, chakula kinachelewa kupita, bakteria wanazaliana na kukichachusha kabla mwili haujakinyonya. Hali hii ya bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba madaktari wanaiita SIBO. Wengine huletewa na kisukari cha muda mrefu, na kumeza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumboni) miaka mingi nako kunatajwa.

Bakteria hao wanakula pia vitamini B12. Ganzi ya miguuni niliyodhani ni ya viatu, ilitokana na kupungukiwa vitamini hiyo.

Kipo kipimo cha pumzi: unakunywa sukari ya glukosi au laktulosi, kisha unapuliza kwenye kifaa mara kwa mara, wanapima gesi za haidrojeni na methani zinazotoka kwa vijidudu wa tumboni. Hospitali yangu haikuwa nacho. Daktari akaanza kuondoa mengine: choo kutafuta giardia (kimelea cha tumboni, naye analeta gesi na choo chenye mafuta, kinanuka balaa), sukari, wingi wa damu. Ndipo akanipa antibayotiki. Rifaximin ndiyo inayosifiwa, ila bei yake ilinishinda, nikapewa metronidazole. Usikimbilie kuinunua dukani. Ukiimeza bila kujua chanzo unarudi kwenye mzunguko uleule wa typhoid.

Maana makovu hayaondoki kwa vidonge, na hali huwa inarudi. Kilichonisaidia kwenye kula ni kupisha saa nne au tano kati ya mlo na mlo, na katikati nakunywa maji tu. Chai ya saa kumi na andazi lake nimeiacha, na kusema kweli hilo ndilo lililoniuma. Maharage naloweka usiku kucha, maji namwaga. Kitunguu saumu nakipa mgongo. Maziwa yasiyoganda jaribu kuyaacha wiki mbili uone, maana watu wazima wengi hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari yake. Mtindi huwa na nafuu.

Dawa ya unga: nilizoonyeshwa mimi zilikuwa majani ya senna. Senna inasukuma utumbo mpana, na shida tunayoizungumzia iko juu yake. Utaharisha, pesa itaenda, gesi itabaki.

Ila kama unapungua uzito, choo kina damu, unaamshwa usiku na kuharisha, au umeambiwa damu ni ndogo, achana na habari za gesi, nenda hospitali kubwa wiki hii. Hata bila hayo, ukienda beba orodha ya antibayotiki zote ulizomeza mwaka huu. Kama majina umesahau, piga picha maboksi. Na kama una kovu lolote tumboni, lionyeshe kabla hujaulizwa.