Anzieni kwenye bajeti ya kaunti

Mhariri,

Mmeuliza kijana aliyemaliza shahada ya uzamili na anayetaka kujenga kazi katika sera za afya ya uzazi aanzie wapi. Mimi niko Lamu, na jibu langu ni kwamba aanzie kaunti, tena kwenye bajeti.

Wengi tuliosomea afya ya umma tukihitimu macho yote huwa Nairobi, kwenye mashirika. Siwalaumu wadogo zangu, maana mishahara iko huko. Lakini tangu 2013 zahanati na hospitali zetu nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na haki hiyo haimfikii mama wa kisiwani mpaka itengewe pesa.

Chukueni mama wa Ndau, kisiwa kimoja cha huku kwetu Lamu. Uchungu umemshika usiku, mwezi wa saba, kusi limechacha, na muuguzi wa zahanati ameona mtoto amekaa vibaya. Mama anahitaji upasuaji, kwa hiyo anahitaji boti, na boti inataka mafuta, nahodha wa zamu na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Sera ya taifa itasema tu kwamba rufaa za dharura, yaani kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, ziimarishwe. Makadirio ya bajeti ya kaunti ndiyo yanayoamua mafuta yapo au hayapo. Yafungueni, mtafute mafuta ya boti yameandikwa wapi. Yakiwa yamechanganywa na ya magari yote ya idara, mwaka wa fedha ukielekea ukingoni hayana mtetezi. Kuyatoa humo yakapewa fungu lake ni kazi ya sera hasa, na mimi naithamini kuliko ripoti nyingi zinazozinduliwa hotelini.

Kalenda nayo muijue. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30. Anayeanza kupiga kelele mwezi wa sita amekuta sahani zishapakuliwa.

Kuna ujuzi ambao chuoni hatukufundishwa. Mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, hana muda wa kurasa 40. Mwandikie mbili, kwa Kiswahili, na aone wadi yake imetajwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 15 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Takwimu hiyo ina nguvu mbele ya kamati ya afya. Mbele ya masheikh na kina mama, mazungumzo ya kupanga uzazi huenda vizuri zaidi yakianzia kwenye miaka miwili ya kunyonyesha iliyotajwa katika Sura ya Al-Baqara.

Ajira za kaunti ni chache na hungojewa sana, hilo silifichi. Lakini 2025 Marekani ilipokata misaada yake, tuliona kazi za miradi zikifungwa kwa barua moja.

Mpango wa kaunti wa miaka mitano unaoendelea ni wa 2023 hadi 2027, na utakaofuata utaandikwa upya wote. Anayehitimu sasa akae na wakunga wa zahanati, akusanye kumbukumbu za rufaa kisiwa kwa kisiwa, azipeleke kwa wapangaji wa idara ya afya kabla hawajaanza kuandika.

Msomaji wenu, Lamu