Kuitwa Howland sio lazima uwe wa Mayflower

Mkuu, umeuliza kama shemeji yako wa Massachusetts, kwa vile anaitwa Howland, basi moja kwa moja ni uzao wa John Howland wa Mayflower, ile meli iliyoleta walowezi wa Kiingereza Amerika. Hapana, sio lazima, na hapa ndo wengi wanateleza. John alikuja 1620 akiwa mtumishi wa John Carver, njiani dhoruba ikamtupa baharini, akaidaka henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, iliyokuwa inaburuzika majini, wakamvuta akapona. Ila baadaye ndugu zake wawili Arthur na Henry nao walihamia Plymouth, koloni walilolianzisha hao wa Mayflower, wakazaa, kwahiyo Howland kibao wa leo ni wa hao wawili na hawana Mayflower yoyote kwa upande huo.

John alimuoa Elizabeth Tilley, binti aliyefiwa na baba na mama majira yale ya baridi ya kwanza, wakapata watoto 10 na wote wakakua, yaani nikikumbuka karibu nusu ya wale abiria 102 walikufa hata mwaka haujaisha nashangaa sana! Na usiamini kila shajara ya ukoo ya zamani, watu walikuwa wanaandika Elizabeth ni mjukuu wa Carver mpaka maandishi ya Bradford, aliyekuwa gavana wa Plymouth, yalipopatikana London 1855 ndo ikajulikana ni binti wa John Tilley.

Anza na babu yake shemeji, rudi nyuma kizazi kwa kizazi kwa vyeti na wosia, na usiwaruke akina mama, damu ya Howland imepita sana kwa mabinti.