Kwa maafisa wapya wa mipango na ubora: orodha ya majengo si umahiri

Kila msimu wa kuandika mpango mkakati napokea rasimu ambazo sehemu yake ya umahiri wa msingi, yaani kile chuo kinachokifanya vizuri kuliko wengine, imejazwa maktaba ya kisasa, wahadhiri wenye sifa na mandhari tulivu. Wapendwa, hivyo vyote chuo jirani kinavyo, na kisichokuwa navyo kinaweza kuvinunua.

Kwanza, vishikeni vigezo vitatu walivyovitoa Prahalad na Hamel, wataalamu wa mikakati ya biashara, mwaka 1990: umahiri ufungue masoko mbalimbali, uzae manufaa anayoyaona mteja mwenyewe, na uwe mgumu kuigwa. Strathmore ya Nairobi ilianza kufundisha uhasibu mwaka 1966, ikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2008. Mazoea yaliyojengeka katika miaka yote hiyo ya kuwaandaa wahasibu hayanunuliki, hata mshindani awe na fedha kiasi gani.

Pili, msianzishe programu kwa kuwa jirani ameianzisha. Chuo kimoja nilichokitumikia kilisifika kwa kuandaa walimu, hususan kwa usimamizi wa mazoezi ya kufundisha: msimamizi alikaa darasani kipindi kizima, kisha akazungumza na mwanafunzi pamoja na mkuu wa shule, nao wakuu hao walikuwa wakitupigia simu kuwaulizia wahitimu wetu. Serikali ya Kenya ilipoanza kupeleka wanafunzi iliowafadhili katika vyuo vikuu binafsi mwaka 2016, mapato ya ada yaliongezeka, na uongozi ukafungua programu mpya zilizotegemea wahadhiri wa muda waliokimbia kutoka kampasi hadi kampasi. Wasimamizi wetu hodari wakapewa uenyekiti wa idara mpya, ziara za shuleni zikawa za kutia saini tu, na simu za wakuu wa shule zikakoma bila mtu yeyote katika seneti kuuliza sababu. Mwaka 2023 utaratibu wa ufadhili ulipobadilika na serikali ikaacha kuwalipia ada wanafunzi wapya katika vyuo binafsi, programu zile zilikosa wanafunzi, na umahiri ambao ungetuokoa tulikuwa tumeshaudhoofisha. Inaniuma ninapouona mpango uleule ukiandikwa upya na vijana wenye akili na bidii.

Ithibati ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inathibitisha viwango vya lazima, kwa hiyo msiitaje kama umahiri.

Tatu, waulizeni waajiri wa wahitimu wenu kabla ya kuiuliza menejimenti, kisha mhakikishe kwamba wanachokisifu kina fungu katika bajeti na alama katika fomu ya kuwatathmini watumishi.