Mwanangu analala kwenye gari Hispania, nimwambie arudi?

SWALI: Asalaam aleykum dada. Mi ni mama wa hapa Ngamiani, Tanga. Kijana wangu alienda Hispania kusoma, kamaliza, vibali anavyo na kazi za kompyuta anapata, sasa kaacha chumba kanunua gari kama haisi, kaweka godoro na jiko la gesi, yuko kijiji kinaitwa Cornudella de Montsant eti anapanda majabali kwa kamba. Ananiambia wanakijiji wanamtazama tu hawamsemeshi. Baba yake anataka arudi. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu, pole na mawazo. Mwanao hajakosa pa kulala. Juu ya hicho kijiji kuna majabali ya Siurana, wapanda miamba wa dunia nzima wanapajua, jiwe lenyewe ni chokaa kama la mapango yetu ya Amboni ila limesimama wima, na wengi wanaokaa huko muda mrefu wanalala kwenye magari vilevile. Sio uhuni.

Hilo la kutosemeshwa ndo la kushughulikia. Wale wazee wameshaona magari mengi, mengine yanaziba njia za mashambani, watu wanajisaidia vichakani wanaacha makaratasi, chakula wamekuja nacho kutoka mjini, kijiji hakipati hata senti. Hata hapa Tanga mtu akiegesha gari karibu na uwanja wako siku tatu bila hodi wala salamu, si utauliza huyu katokea wapi?

Basi aanze na salamu, kule ni Wakatalani, wana lugha yao, kila mzee anayempita amwambie "bon dia", yaani habari za asubuhi, hata kama jana hakujibiwa. Mkate anunue palepale, mafuta ya zeituni pia, ya Siurana yana sifa. Na zeituni zikianza kuvunwa, Novemba hivi, aombe kusaidia hata nusu siku, mi naamini akishakaa na watu shambani akala nao hawatamwita tena yule wa kwenye gari.

Viti, meza, turubai asitoe nje kabisa, maana kule kwa kawaida gari lililoegeshwa vizuri ni gari tu hata mtu akilala ndani, ila ukishatandaza vitu nje unahesabika umepiga kambi na faini inakuhusu. Akajiandikishe na halmashauri, sheria yao inataka kila mkazi aandikishwe anakoishi, hata asiye na nyumba. Miamba ikifungwa kwa ajili ya ndege wanaotaga, atii vibao.

Na hili dada mkazanie kila ukimpigia: asiwashe jiko la gesi kupata joto usiku huku kafunga madirisha, ile hewa yake ya sumu haina harufu, inaua mtu usingizini.

Baba yake nae apigiwe video, kijana amwoneshe gari ndani na huo mwamba wenyewe, waongee wao wawili wewe ukiwa pembeni.