Jibu: Eksirei ya fuvu kabla ya waya za meno

Mkuu, umeuliza kwa nini kliniki ya Upanga imemwandikia binti yako eksirei ya fuvu kwa ubavu, ilhali shida ni meno kuchomoza mbele. Chanzo chaweza kuwa taya lenyewe. Kwenye picha hupimwa pembe SNA (taya la juu limekaa mbele kiasi gani kulingana na fuvu; wastani 82°), SNB (hivyo hivyo kwa taya la chini; 80°) na tofauti yao, ANB (2°). ANB ikizidi 4°, ama taya la juu limetangulia, ama la chini limebaki nyuma.

Ila viwango hivyo vilitokana na Wazungu wa Marekani! Waafrika wengi meno na midomo yetu hutokeza zaidi kiasili. Kuvifuata kama vilivyo kunaweza kufanya magego madogo mazima yang'olewe bure ili meno ya mbele yarudishwe nyuma. Muulize daktari analinganisha na viwango gani.

Wakati wa picha aume meno ya nyuma sawasawa, midomo ailegeze. Akisukuma taya mbele, SNB hupanda na ANB hudanganya.